Ushuru wa Cherehani ya Bi Mwatum

Bi Mwatum wa Wingwi alikuwa mshonaji, mkaidi, na jirani yangu, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Cherehani yake kuukuu ilipokufa, vitambaa vya watu vikamlalia ndani na Idi inakuja. Akaagiza nyingine duka moja la Mombasa, kwa bei nafuu hata akawa anacheka peke yake.

"Miye nawashangaa wanaonunua hapa," aliniambia. "Wajinga hawa!"

Haya. Kasha likafika kwetu Pemba, tukashuka forodhani. Huko tukaambiwa kuna ada ya gati. Kuna na ada ya ghala, maana kasha lilikwisha kulala. Mchukuzi naye kalikalia, anangoja chake. Hizo nikamkopesha miye, huku nanung'unika. Kumbe kubwa lilikuwa nyuma: kitu cha ng'ambo lazima kilipiwe ushuru, na fedha ya Bi Mwatum yote ilikwisha kwenda Mombasa. Asipolitoa kasha siku ile, wateja wa Idi wangekwenda kwa mwengine, na wakishakwenda hawarudi.

"Lo! Mwenye duka hakunambia haya!"

"Nguo za mtu za kuvaa ndizo hazitozwi," alisema Bwana Hamood, mkubwa wa forodha. "Humu mna nini?"

Nikaliona jicho la Bi Mwatum linacheza. Nikajua balaa hilo.

"Nguo za bibi harusi, bwana. Mtoto wa ndugu yangu. Za ndani."

Bwana Hamood akaurudisha mkono upesi. Kwetu mwanamume hatii mkono katika sanduku la bibi harusi, hata awe mkubwa wa forodha. Akalisukuma kwa mguu, halikutikisika.

"Mbona zito hivi?"

"Mwenyewe mnene, bwana."

Mchukuzi akaangua kicheko. Bwana Hamood hakucheka. Alituma aitwe mkewe, nyumba yao ilikuwa nyuma ya forodha. Bi Fakhriya akaja na buibui lake, wanaume wakatoka nje, tukabaki wanawake, akainua kifuniko. Aliitazama cherehani, kisha akamtazama Bi Mwatum.

"Nguo tupu," akamwambia mumewe mlangoni. "Tena nzuri!"

Tulipokuwa tunaondoka akamnong'oneza Bi Mwatum, "Nitakuletea vitambaa vyangu. Najua hutanitoza."

Akavileta kweli. Magauni yake, ya watoto, kanzu za mumewe, vyote bure. Idi ndogo yumo, Idi kubwa yumo, Maulidi yumo. Bi Mwatum akishona huku anamtukana chini kwa chini, nami namcheka, maana aliyataka mwenyewe. Mwaka ukapita, na wa pili. Mwishowe Bi Fakhriya akaja na furushi zima la nguo za harusi ya bintiye.

"Safari hii bibi harusi yupo kweli," alisema, tena anatabasamu.

Alipoondoka, Bi Mwatum alirusha mkasi. "Serikali ilitaka mara moja tu! Huyu atanila mpaka kaburini!"

Akauza mbuzi wake, akanivuta mkono, tukarudi forodhani. Akamweleza Bwana Hamood yote, cherehani, uongo, na kushona bure, machozi yanamtoka kwa hasira. Bwana Hamood alisikiliza, na kanzu aliyovaa ni kazi ya mkono wa Bi Mwatum mwenyewe.

"Ushuru utalipa, na faini juu," alisema. "Lakini hilo la bure sijalifahamu. Kila Idi nampa Fakhriya fedha ya mshonaji. Tena huniambia umepandisha bei."

Bi Mwatum machozi yakamkauka pale pale.

Bwana Hamood akapokea ushuru, akapokea na faini, akaandika stakabadhi pole pole. Kisha akavaa kofia, akafunga forodha kabla ya adhuhuri, akazunguka nyuma kwenda nyumbani kwake.

"Twende," Bi Mwatum akaniambia.

"Wapi? Wingwi si huku!"

"Nyamaza weye, tutachelewa," alisema, naye keshaanza kumfuata.