Fomu ya Flaviana na Mtu wa Kumi

Wifi yangu Flaviana ananunua maharage hapa Rhotia, huu ni mwaka wa kumi na nne. Kila gunia analichoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli: juu, katikati, chini. Wapo wanaoficha mawe chini, naye ameshaumizwa na mchezo huo. Ubaya ni kwamba akirudi nyumbani, bambo ni kama bado analo mkononi. Mwanawe Lightness akitoka kwaya lazima ataje nyimbo zilizoimbwa.

Alipotangaza kugombea udiwani nilijua tumekwisha. Hela ya dhamana haikuwa tatizo, haifiki hata bei ya kuku. Tatizo lilikuwa wadhamini: watu wasiopungua kumi waliojiandikisha kupiga kura katika kata yetu, kila mmoja na namba ya kadi na sahihi yake. Aliyekwisha kumdhamini mgombea mwingine hafai. Mpinzani wake, Eliamani, alipata watu thelathini kwa siku mbili. Flaviana hakutaka kuzidisha kumi.

"Wifi, wakiwa wengi ndipo unapandikiziwa mtu," aliniambia.

Hata mimi, niliyeolewa na kaka yake, kadi yangu aliigeuza mara tatu kabla sijasaini. Joel wa bodaboda alikuja bila kuitwa, kadi mkononi. Bahati mbaya Flaviana alikuwa amemwona juzi akimbeba Eliamani kwenda mnadani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Nimekuja tu."

"Hakuna mtu anayekuja tu."

Joel akarudisha kadi mfukoni, akaaga kwa adabu. Niliona aibu na sikusema kitu. Mpaka leo najilaumu.

Mtu mmoja tu hakukaguliwa: Ignas, mtu wa Singida anayempakilia magunia miaka yote hiyo. Namba ya kadi yake iliandikwa, kadi ikarudishwa, basi.

Siku ya mwisho, saa nane na nusu mchana, tulipeleka fomu ofisi ya kata. Karani alipitisha kidole kwenye daftari, akarudia, akatikisa kichwa.

"Huyu Ignas si mpiga kura wa hapa tena. Taarifa zake zimehamia Iramba, kule Singida."

Ilikuwa kweli. Mwaka uliotangulia Ignas alikwenda kumzika mama yake, akajiandikisha upya hukohuko, akarudi na kadi mbili. Hakuwa na nia mbaya, kwake kadi ni kadi. Tukabaki na tisa, na fomu zinafungwa saa kumi kamili.

Nje, kijiweni, waliokuwapo wote walikwisha kumdhamini Eliamani. Joel naye.

"Nilikwenda kwake siku ileile uliyonikatalia, mama," alisema. "Lakini Rahel wa kule juu, karibu na kanisa, hajamdhamini mtu. Panda, dakika kumi tumefika."

Flaviana aliitazama pikipiki toka taa mpaka tairi la nyuma.

"Atanizungusha huko mpaka muda upite," akaninong'oneza, na Joel akasikia. Flaviana akaibana fomu kwapani, akakata njia ya mashambani kwa miguu. Nilimfuata nikimtukana moyoni.

Kwa Rahel tulikuta mlango umefungwa. Jirani akasema ameondoka na pikipiki muda si mrefu. Simu ya Flaviana ikaita, akaona jina la Joel, akaikata. Ikaita tena, akaizima kabisa. Yangu nilikuwa nimeiacha kwenye chaji.

"Umeona, wifi? Wamemwahi."

"Labda anampeleka ofisini."

"Kwa faida ya nani?"

Tulishuka mbio tukijikwaa kwenye mabua. Tulifika saa kumi na dakika nane. Kwenye tangazo la mlangoni, karani alikuwa ameshaandika majina ya waliorudisha fomu, na la Flaviana halikuwamo. Nililia pale pale, sikuona haya. Miezi minne tulikuwa tumetembea nyumba kwa nyumba.

Rahel alikuwa amekaa kwenye ngazi, kadi yake ya kura mkononi. Joel alisimama pembeni na kofia yake ngumu kwapani.

"Tuko hapa tangu saa tisa na nusu," Rahel alisema. "Tulikuwa tunasubiri fomu tu."

Flaviana alimsogelea Joel. Alikuwa anahema, na fomu imelowa jasho. Nilidhani anakwenda kumwomba radhi.

"Sema kweli," akamwambia. "Nani amekutuma?"