Mzungu wa Zuhura

Baba ndiye aliyenituma. Picha ilipita kwenye simu za ukoo mzima kabla haijamfikia yeye: mdogo wangu Zuhura, mwanafunzi wa udaktari Guangzhou, ameshikana mkono na Mzungu mwenye mvi. "Kanunue vitenge kama kawaida yako," Baba akaniambia, "lakini urudi na binti yangu." Mama alipofariki mwaka jana Zuhura hakuja kuzika, eti mitihani. Tangu hapo mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana tu.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Zuhura kwenye soko la vitambaa la Zhongda, na huyo Mzungu ubavuni. Nilimpa mkono mmoja, wa pili nikaubana kwenye mkoba wangu.

"Shikamoo kaka. Huyu ni Mzee Walter, mwigizaji wa vichekesho kutoka Uingereza. Anafundisha chuoni kwetu."

Tukipishana na mikokoteni, mzee alinisimulia maisha yake, Zuhura akitafsiri. Alianzia majukwaa madogo ya miji ya pwani kwao. Televisheni ikamchukua, akaigiza kwa miaka mingi mtumishi mpumbavu asiyemaliza kuandaa meza. Kwenye filamu kazi yake ilikuwa kuanguka. Uzeeni akarudi jukwaani. Zuhura akanionyesha video: kijana anadondoka ngazini na sinia. Pua zilifanana, lakini pua si cheti. Nyota gani huyo anayepigwa vikumbo Zhongda? Lisemwalo lipo, nikajisemea.

Dukani, mama muuzaji alipotaja bei, mzee alishika kifua, akapepesuka, akaanguka chali juu ya marobota. Nikamwinamia. Kumbe mzima! Muuzaji alicheka mpaka akapunguza bei.

"*Laoban*, mwenye duka, amefurahi, kaka. Nunua upesi!"

Mimi sikucheka. Mtu anayeweza kufa kwa uongo namna ile atashindwa kudanganya nini?

Jioni tulikula chumbani kwa Zuhura, mzee naye yumo. Sikungoja chai. "Fungasha. Baba kasema turudi wote."

Zuhura aliinuka. Alitoa sandukuni khanga ya Mama, akampa mzee.

Nilitaka kumpokonya. Lakini alishajifunga, na akaanza kutembea. Aliburuta kisigino cha kushoto. Akagonga mwimo wa mlango mara mbili kwa kiganja, akafunua sufuria, akanusa, akanitazama kwa jicho moja kama niliyekwisha kuiba nyama. Mama alikuwa ameingia chumbani.

Nilicheka. Kisha nikalia, kilio ambacho makaburini kilinikataa.

"Nilimwonyesha video za Mama," Zuhura akasema. "Nikamweleza watani wanavyomwigiza marehemu msibani kwetu. Nyinyi mlikuwa na watani, kaka. Mimi nililia peke yangu humu. Yeye ndiye aliyekuja."

Kesho yake nilimpelekea mzee kitenge kizuri kuliko vyote nilivyonunua, nikapanda ndege peke yangu.

Tabora, Baba alikuwa mlangoni. Aliangalia nyuma yangu, hakuona mtu.

"Binti yangu yuko wapi? Na yule Mzungu ni nani kwetu?"

"Mtani wetu, Baba. Alimzika Mama kule." Nikamweleza yote, hadi kile kisigino.

Baba alifuta macho kwa kofia yake.

"Ukampa nini?"

"Kitenge."

"Kitenge! Mtani anakuja msibani kwangu unampa nguo tu?" Akachukua simu. "Ngoja nimwambie Zuhura amtafutie kuku. Na yeye abaki huko asome."

Nilikwenda kumkamata mwizi, nikarudi nimejua kwamba matanga ya Mama yalikuwa mawili.