Mgeni Wako Anapanda Ngazi

Kosa langu la kwanza mapokezini lilikuwa kuamini kwamba neno refu ndilo lenye adabu zaidi. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, na kwa "mgeni" kamusi ilinipa "guest", "visitor" na "stranger". Nikalichukua la mwisho.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika nyumba ya wageni mjini Tanga. Asubuhi moja alikuja mzee mmoja mwalimu mstaafu, na kikapu cha machungwa ya Muheza, akimuulizia mama wa Kizungu aliyewahi kufundisha naye. Nikamwamkia shikamoo, nikampigia mama simu chumbani. Nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu na kwa fahari, kwamba "stranger" amefika na ninampandisha.

Mzee alipobisha hodi, tulisikia kiti kikiburutwa kuzuia mlango, kisha mayowe. Bi Zuwena, mwenye nyumba, akapanda mbio huku kashikilia kanga.

"Umemwambia nini mwana wa watu?"

Nikarudia neno kwa neno. Mzee akacheka mpaka machungwa yakabingirika ngazini.

"Mwanangu, umemwambia mtu asiyemjua anamfuata chumbani."

Mama alikitambua kile kicheko. Akafungua, akamkumbatia mzee. Mimi nikabaki nikiokota machungwa, nikingoja kufukuzwa.

"Kesho uje kazini," Bi Zuwena akasema. "Hilo neno liache kwenu."

Siku hizi anayelala kwetu ni "guest", anayemjia ni "visitor", na nikiwa na shaka ninauliza.