Pipa la Bibi

Juzi mume wangu kaleta nyumbani jiko la kuchomea nyama, pipa lililokatwa nusu na kupakwa rangi nyeusi mpaka linang'aa. Kaliweka uani, akaniita nilione. Nikaliangalia, nikarudi ndani. Anadhani nimenuna kwa sababu hakunishirikisha. Ngoja nikueleze wewe, maana yeye ukimwanzia habari za utotoni anatafuta rimoti.

Kwetu ni Nyakahura, Biharamulo, kando ya barabara kuu. Miaka ile ya wakimbizi wa Burundi nilikuwa darasa la tatu, nalelewa na bibi mzaa baba. Malori ya msaada yalipita kutwa kucha kwenda makambini, vikombe vikitikisika mezani.

Bibi alikuwa na pipa moja, chini ya mchirizi wa bati. Magoti yalishamshinda, kisimani bondeni hashuki, basi mvua ikinyesha alikaa kizingitini akilisikiliza linavyojaa, raha tupu. Na hakuwa mchoyo wa maji yale. Kulikuwa na mama mmoja mkimbizi, mtoto mgongoni, aliyekuja kijijini kulima vibarua. Kila jioni alipitia kwetu na dumu lake. "Maji ni ya Mungu," bibi alikuwa akisema, "langu ni pipa tu." Kisubi chake, lugha ya kwetu, na Kirundi cha yule mama havikupishana sana. Wakaelewana, wakacheka.

Sasa baba mdogo, kitinda mimba wa bibi. Kazi hana, macho barabarani. Aliona madereva wanaolala senta wanatafuta nyama. Jumapili moja bibi yuko kanisani, akamwaga maji yote, akalikata pipa kiunoni kwa patasi na nyundo. Nusu ya juu, isiyo na kitako, akaifanya stuli. Nusu ya chini akaitoboa matundu kwa msumari, akaipachika juu yake. Kitongoji kizima kilisikia zile kelele na hakuna aliyekuja kuuliza.

Bibi alirudi na Biblia kwapani, akasimama, akashika mdomo. "Umenikatia pipa langu?"

"Mama, kisima si kipo? Huyu naye kazi yake kusoma tu, atachota."

Huyu ni mimi. Nikachota ndoo za kupikia, ndoo za kuoshea nyama, shingo ikauma. Ujira wangu ulikuwa ubavu mmoja wa mbuzi kila jioni. Na utamu wake sikudanganyi. Magogo ya mgunga yakishageuka makaa, mafuta yanadondoka yanachachatika, ndizi pembeni zinababuka, chumvi na pilipili basi. Yule mama mkimbizi alipokuja na dumu lake, bibi alijificha chumbani. Mtu mzima, kajificha nyumbani kwake mwenyewe!

Siku moja baba mdogo alikwenda mnadani kununua mbuzi, mawingu yakatanda. Bibi akakwangua majivu, akachukua sabuni ya mche, akaziba matundu moja moja kama tunavyoziba ndoo inayovuja, nami nikikandika. Tukaliburuta chini ya bati. Mvua ikanyesha, lile nusu pipa likajaa. Maji yalinuka moshi na povu lilielea juu, lakini bibi alipiga makofi kama msichana. Yule mama alipopita njiani, bibi alimwita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Dumu halijafika nusu, baba mdogo akatokea anaburuta mbuzi, madereva wawili nyuma yake. "Mama, jiko langu hilo!" Akalipiga teke. Maji yakamwagikia miguu ya yule mama. Madereva wakacheka. Baba mdogo akaanza kuzibua matundu kwa msumari. Yule mama akaokota dumu lake, akasema, "Murakoze, mukecuru," yaani asante bibi, akaondoka. Hakupita tena.

Nina hasira mpaka leo. Ukienda kwetu watakuambia wakimbizi ndio waliotumaliza, miti, maji, kila kitu. Mkimbizi gani alikata pipa la bibi? Baba mdogo sasa ni mzee wa kanisa, na anajisifu kwamba nyama choma ya senta aliianzisha yeye. Shikamoo nampa kwa sababu nililelewa kwa adabu. Bibi hayupo, pipa halipo, hata lile bati limeng'olewa.

Lakini wa kwanza kumkasirikia siye yeye. Jioni ile nyama ilipoiva baba mdogo aliniita. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, kitenge kimelowa, sabuni bado iko kwenye kucha. Nikapita mbele yake, nikaupokea ubavu wangu, nikasimama nao mkononi.

"Kula, mjukuu wangu," akasema, "isije ikapoa."

Nikala mpaka mfupa. Ilikuwa tamu.