Wananiita Mama Springi

(Msomaji huyu ametuandikia kutoka Umoja, Nairobi. Jina lake tunalo sisi, na litabaki kwetu. Msomeni kwa upole, kisha mjibuni kupitia ukurasa huu.)

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Naishi Umoja, chumba kimoja na jikoni, peke yangu. Niliolewa nikiwa msichana, sikujaliwa mtoto, mwishowe mume wangu akaoa mwingine nami nikafunga virago. Hilo nimeshalilia likaisha. Ninalowaandikia leo huenda mkalicheka, na mkicheka sitawalaumu.

Nafanya kazi katika duka moja mjini. Tunauza vitu vidogo vidogo kutoka ng'ambo: vikata mboga, kamba za kuruka, mikanda ya kutoa jasho tumboni, na huko nyuma ya duka, nguo za kike. Mteja akirudisha kitu kwa sababu boksi limeraruka au rangi imekwaruzwa, tajiri hutuuzia sisi wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Ndivyo nilivyoipata springi. Kama hujaiona, ni springi nene ya chuma, upande mmoja ina mshikio na upande wa pili ina mahali pa kutia nyayo. Unakaa sakafuni, unavuta huku ukilala nyuma, na tumbo, wanasema, linaingia. Siku ya kwanza ilinichomoka miguuni ikanigonga kidevu. Nikacheka sana pale chini, halafu nikanyamaza, maana hapakuwa na mtu wa kucheka naye.

Katika ploti yetu, hizi nyumba za kupanga, wanawake huitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi nilikuwa "yule wa namba tisa". Lakini springi ile ina kelele, kwii, kwii, na kuta zetu ni nyembamba. Jumamosi moja jirani yangu, Mama Ciku, akabisha mlango.

"Jirani, sasa? Ni nini hiyo inalia kwako kila siku? Ciku anasema umefuga bata."

Nikamwonyesha. Akavua viatu, akajaribu, akaanguka chali, tukacheka mpaka machozi. Jumamosi iliyofuata alikuja na Mama Brayo na wenzao wengine. Tukasukuma meza ukutani, tukatandika leso, wakawa wanavuta kwa zamu huku mimi nawapikia chai na maandazi, yale yale yaliyokuwa yakirudisha matumbo. Wakichoka walifungua kabati langu na kujaribu nguo: koti lenye mabega ya sponji, sketi ya pleti, suruali za kubana. Kila mmoja alijigeuza mbele ya kioo changu akiniuliza, "Imenikaa?"

Ni Ciku, yule mtoto, aliyeanza kuniita Mama Springi, na ploti nzima ikafuata. Sijui kama mtanielewa. Mtu aliyezoea kuitwa namba ya mlango akiitwa Mama, hata kama mtoto mwenyewe ni chuma, anaitika kwa moyo wote. Nikawa nikinunua nguo dukani sichagui tena saizi yangu. Nachagua ya Mama Brayo, ambaye ana mwili, au ya Mama Ciku, ambaye ni mrefu.

Kisha Mama Ciku akawa anabatiza kitinda mimba wake. Wote walikuja kuazima nguo, nami nikazipiga pasi moja moja. Jumapili hiyo niliamka mapema, nikavaa blauzi yangu ya kazini maana nzuri zote zilikuwa zimetoka, nikakaa kitandani nikingoja kuitwa. Nilisikia milango ikifungwa na viatu virefu vikigonga korido. Vikapita namba tisa, vikaenda. Nilibaki nimekaa vile vile mpaka jioni.

Siku chache baadaye Mama Ciku aliniletea picha nione. "Ona vile nguo zako zimetoka, Mama Springi! Aki tulikuwa tumeiva!"

Nikaangalia. Wamesimama kwenye ngazi za kanisa, wanacheka. Koti ni langu. Sketi ni yangu. Hata hereni ni zangu. Nikajifanya natania, nikauliza, "Na mimi mlinisahau wapi?"

Akanishika mkono. "Usiskie vibaya, jirani. Ilikuwa tu ya wamama. Tuliona ukiona mtoto akibatizwa utaumia roho."

Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Akaendelea, "Halafu, Mama Brayo amenunua video, na ameletewa kanda ya mazoezi. Sasa tutakuwa tukifanyia kwake. Utatupea hiyo springi, si ndio? Jumamosi nitapitia niichukue."

Nilingoja aseme, "na wewe ukuje." Nilimpa nafasi kabisa, nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria. Hakusema.

Nikadanganya. Nilimwambia springi imekatika, iko kwa fundi wa kuchomelea. Haiko kwa fundi. Iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye leso, na siwezi hata kuivuta maana itanichongea kupitia ukutani. Nikiwapa, sioni ni nini kingine kitakachowaleta kwangu. Nikiwanyima, nitakuwa yule tasa mchoyo wa namba tisa.

Lakini kuna jambo moja sijalisema, na ndilo linalonitia aibu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi wanapita mlangoni kwangu na kubisha. Hawaingii. Wanauliza tu, "Mama Springi, fundi amemaliza?" Nami nawajibu bado, na nafunga mlango nikiwa na furaha kwamba mtu amekuja.

Nishaurini, dada zangu. Nifanye nini, niwaambie fundi amemaliza?