Mama Vuguvugu na mikono inayongoja chanjo

Mvuke mwembamba unapanda kutoka kwenye beseni jeupe na kupotelea dirishani. Jua la asubuhi bado halijafika kwenye kiti, limeishia ukutani. Mwanamke wa makamo, mikono ya gauni lake la kazi ameikunja, anachovya kiwiko majini kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Anamtaja Mungu kwa sauti ya chini, kisha anamwita mtu wa kwanza.

"Karibu, baba. Leta mkono. Funga macho. Uko wapi leo?"

Mzee aliyekuwa dereva wa treni enzi zake anaketi, anauzamisha mkono na kushusha pumzi. "Niko kwenye ile kona ndefu," anasema. "Nikigeuka naliona behewa la mwisho."

"Limejaa?"

"Limejaa. Wamelala wote. Aliye macho ni mimi peke yangu."

Treni haijamaliza kona, mshipa wa bluu umeshainuka mgongoni mwa kiganja. Mama anaukausha mkono kwa kitambaa safi, anavaa glavu, anaingiza sindano. Vichupa vinajaa kimoja baada ya kingine. Mzee bado yuko safarini.

Jina la Mama Vuguvugu amepewa na wagonjwa. Kazi yake ni kuchukua damu, katika chumba kidogo mwisho wa korido ya kliniki ya saratani. Wanaomjia ni watu wapatao arobaini, waliokubali kujaribiwa chanjo mpya ya korona iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama wao.

Watu kama wao walibaki nyuma wengine walipochanjwa wakatoka majumbani. "Chanjo nyingi zinautaka mwili utengeneze kingamwili na kuzimwaga kwenye damu," anaeleza daktari anayesimamia utafiti. "Sasa mwenye saratani ya damu, seli za kufanya kazi hiyo ndizo zilizougua, au dawa zimezifagia. Unamchanja, unarudia, ukipima hukuti kitu. Sisi tunajaribu kuzifundisha seli nyingine, zile zinazovifuata virusi mpaka ndani vilikojificha."

Chanjo hiyo hudungwa tumboni, chini ya ngozi, na huacha kinundu kigumu mfano wa punje ya maharage. Lakini kinundu hakisemi kama seli zimejifunza. Inayosema ni damu, na damu lazima itolewe tena na tena kwenye mikono ambayo imeshachomwa ikachoka.

"Mishipa yao inanikimbia," anasema Mama Vuguvugu. "Ukiifuata kwa pupa inazidi kuzama. Basi mimi naiita kwa maji. Na mtu akiogopa, mshipa nao unaogopa. Ndiyo maana nawatuma mbali kidogo."

Beseni huchemshwa kila akitoka mtu. Maji hayawi moto wala baridi. Mwalimu mmoja wa kike husafiri mpaka darasani kwake, akaona vumbi la chaki likielea kwenye mwanga. Mwingine huenda jikoni kwa mama yake, miaka ile miguu yake ilikuwa bado haifiki sakafuni akikaa kwenye stuli. Chumba kinanyamaza. Mtu akipita koridoni anaweza kudhani humo ndani wanasali.

Miongoni mwa hao arobaini yumo wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wanaishi nyumba moja. Wifi ni fundi cherehani, na kabla ya saratani ya damu alishona katika karakana yenye paa la chini, wanawake wamepangana bega kwa bega, mkasi ukiombwa upande huu unapita mikono mitano. Korona ilipoingia alihamia chumba cha uani. Wengine walipochanjwa wakarudi kazini, yeye alichanjwa, akapimwa, hakukutwa na kinga. Akabaki uani. Chakula hupitia dirishani, umbea vilevile. Cherehani yake imefunikwa shuka.

Kila akizamisha mkono kwenye beseni na kuulizwa yuko wapi, jibu lake ni moja: karakana. Chanjo hii ndiyo njia pekee aliyoiona ya kumrudisha huko.

Wiki chache baada ya kudungwa, wawili hao walikuja kliniki kwa gari moja, Mama mbele, wifi nyuma, barakoa usoni na vioo vimeshushwa. Mlangoni wifi alielekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Kikasoma vizuri, akapita.

Alipokaa, Mama aliushika mkono wake auingize majini. Akasita.

"Siku zote mimi ndiye naipasha mikono," anakumbuka. "Siku ile mkono ulikuwa umeyapita maji kwa joto."

Alimwambia afumbe macho, akamuuliza yuko wapi.

"Karakana," alijibu wifi polepole. "Lakini leo mashine zote zinashona maji. Maji yanatoka na mshono wake, mrefu, mzuri."

"Wifi, una homa."

"Joto la kutembea hilo."

"Tumekuja na gari."

Wifi alifumbua macho. Akakiri kwamba njia nzima alikuwa akijifuta paji la uso kwa kitambaa cha maji baridi, ndicho kilichokidanganya kipimajoto. Alikuwa amesikia kwa mgonjwa mwenzake kwamba mwenye homa anatolewa kwenye utafiti.

"Nyamaza nalo," alimwambia kwa kunong'ona. "Chukua damu yako twende nyumbani. Kwani wewe ni wifi yangu au wifi ya daktari?"

Mama Vuguvugu anasema swali lile lilimwingia. Kwa mtu ambaye saratani na dawa zake zimemvunjia ulinzi, homa si jambo la kungoja kesho. Hilo alilijua. Alijua pia ile cherehani iliyofunikwa shuka, maana hupita mbele yake kila siku. Akautoa mkono majini, akaukausha kidole kwa kidole, akaulaza juu ya mto. Kisha akaenda kumwita daktari.

Wifi aligeuza uso ukutani.

Homa haikutoka kwenye chanjo. Ilitoka kifuani, maambukizi ya bakteria yaliyokuwa yameanza kushika mapafu. Alilazwa, akawekewa dawa kwenye mshipa. Daktari anasema angerudi nyumbani siku ile, huenda asingeletwa tena akiwa hai.

Na hakutolewa kwenye utafiti. Kuchukua damu ya utafiti kuliahirishwa tu mpaka apone. "Nilimwambia, mama, homa zenu ndizo tunazotaka kuzijua," anasema daktari. "Mkituficha, kesho tutamchanja mwingine kama vipofu." Tangu hapo kila anayekuja huelezwa hivyo kabla hajapimwa mlangoni.

Nyumbani, hata hivyo, dirisha la uani lilifungwa pazia. Sahani ilipokelewa, neno halikurudi. "Nilimwachia," anasema Mama. "Nikawa namwombea tu. Mtu aliyenuna ni mtu aliye hai."

Siku ya damu ilipofika, walikuja tena kwa gari moja. Wifi alikaa kitini na kuunyoosha mkono mwenyewe, kabla hajaambiwa.

"Shika," alisema. "Uhakikishe, askari."

Mama aliushika. Ulikuwa baridi.

"Mkono kama chura," alisema.

"Chura wa kwenu."

Wakacheka mpaka daktari akachungulia. Maji yakafanya kazi yake, mshipa ukaja, na vichupa vikapelekwa maabara vikiwa bado na joto la mwili wake.

Majibu ya mwanzo yalitoka siku chache zilizopita. Kwenye damu ya wifi zimeonekana seli zinazokitambua kirusi cha korona na kuamka. Daktari anataka aeleweke vizuri: hajui bado kama zinatosha kumlinda, wala kwa muda gani, na hajamruhusu kurudi penye msongamano. Vipimo vingine vinafuata. Lakini ni mara ya kwanza mwili ule kujibu chanjo yoyote ya korona.

Wifi amesogeza cherehani dirishani na kuivua shuka. Kazi yake ya kwanza ni kushona mto mpya wa kulaza mikono kwenye kile kiti cha kliniki, kwa sababu wa zamani, anasema, ni mgumu kama roho ya mwenye kuutumia.

Mama Vuguvugu anausikia mlio wa cherehani kila asubuhi akijitayarisha kwenda kazini. Akifika huko anamwaga maji ya jana, anachemsha ya leo. Akiulizwa yeye mwenyewe akifumba macho huwa wapi, anajifuta mikono kwanza.

"Nitaomba ruhusa siku moja, Mungu akinijalia," anasema. "Nitakwenda karakana. Sitaingia, nitasimama mlangoni tu. Nataka nimwone wifi yangu amebanwa huku na huku na wenzake, hana hata pa kunyooshea kiwiko, na analalamika."