Kidole Gumba cha Mama

Siku ya Jumanne, mjini Bomet, niliambiwa na binti wa ofisini aliyekuwa akitafuna njugu karanga kwamba mimi ni mtu asiyelipa madeni. Kazi ya ugani, ya kuwashauri wakulima, niliyoisubiri miaka sita tangu nitoke chuoni ilikuwa imenijia hatimaye, na barua ilitaka vyeti vitano kabla ya mwisho wa mwezi. Vinne nilikuwa navyo. Cha tano kilikuwa cha CRB, cha kuthibitisha kwamba simo kwenye ile orodha ya walioshindwa kulipa mikopo. Mimi sijawahi kukopa hata chumvi kwa jirani, kwa hiyo nilikwenda nikijua hicho ni cha kuokota tu.

"Uko na loan mbili za simu, madam," akasema yule binti. "Zote hukulipa. Clearance haitatoka."

Nilimcheka. Nikamwambia asome tena. Akageuza skrini niione mwenyewe: jina langu, namba ya kitambulisho changu, na chini yake namba ya simu ambayo si yangu. Ilikuwa ya mama.

Laini hiyo nilimsajilia mimi. Mama alikuwa amepoteza kitambulisho, na kila alipokwenda kuomba kingine, vidole vyake havikutoa alama. Amechuma chai tangu usichana wake, na majani yamemla ngozi ya vidole mpaka mistari ikaisha. Karani alimpangusa kwa kitambaa, akamkandamiza kwenye wino tena na tena, mwisho akamwambia apumzike majuma mawili bila kuchuma ndipo arudi. Nani anapumzika mvua ikinyesha na chai imechipua? Watu aliowachumia pale Merigi walikuwa wakilipa kwa simu, na bila laini jasho lake lingepotea. Nikatoa kitambulisho changu. Kwetu hilo wala si jambo la kuulizana.

Miaka miwili baadaye aliteleza akavunjika mkono. Akakaa nyumbani miezi mitatu bila kushika jani, mistari ikarudi, kitambulisho kikatoka. Laini tukaiacha ilivyokuwa.

Yule binti alinieleza vizuri, hilo nitamshukuru. Nikilipa, deni litaisha, lakini itabaki imeandikwa kwamba nilishindwa kulipa kwa wakati, na doa hilo hukaa miaka. Ili lifutwe kabisa ilibidi nioneshe kwamba aliyekopa si mimi. Nipeleke barua ya malalamiko pamoja na hati ya kiapo kutoka kwa wakili, imtaje aliyekopa kwa jina, na mkopo wenyewe ulipwe.

"Unamjua ni nani?" akaniuliza.

Nilimjua. Mama hajui kusoma ujumbe wa simu. Anayemchajia simu sokoni, anayemtolea pesa kwa wakala, anayejua namba yake ya siri, ni ndugu yangu, kitinda mimba wetu, mwanamume wa miaka thelathini na moja mwenye ndevu zake. Shule ya udereva nilimlipia mimi. Leseni akaipata, gari hakulipata, akaangukia kubashiri mechi za mpira za Wazungu asiowajua wala wasiomjua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo yenyewe nilimnunulia.

Nilimkuta mama uani akisugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa ufito wenye mkaa. Nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama. Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza, kwamba hakushtuka.

"Ni mimi nilikopa," akasema, macho yakiwa ndani ya kibuyu.

"Mama, wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa na shida."

Nilichukua simu yake, mulika mwizi ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, nikampa mkononi. "Nionyeshe ulivyokopa."

Aliishika akiitazama kwa muda. Akabonyeza kitufe kimoja, hakuna kitu. Akabonyeza kingine, tochi ikawaka. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu yetu, na mama ameshika tochi inayowaka, hajui kuizima. Niliizima mimi. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu ndugu yangu alikuwa ametoka nyumbani kwake na kusimama karibu na zizi, akisikiliza.

"Sister, hiyo kitu si utalipa tu?" akasema. "Si sasa uko na kazi?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia pia kwamba jina lake ndilo litakaloingia kwenye kiapo, na polisi wakitaka kumuuliza maswali, shauri yake. Akaingia ndani, akafunga mlango. Mama akakiweka kibuyu chini.

"Huyu ndiye atabaki na hii boma," akasema. "Wewe uliolewa. Jina yako iko kwa bwana yako. Ukiharibu jina ya huyu, nani ataniangalia?"

"Na jina langu likiharibika?"

Akakichukua tena kibuyu chake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Siku hiyo nilitamani kumuuliza, mimi nilizaliwa bila uchungu?

"Andika mimi," akasema tena. "Mimi ni mzee. Nani atafunga mzee?"

Nilikaa siku tatu na hasira yangu. Mwezi ulikuwa unaisha. Siku ya nne nililipa ile mikopo, nikampigia simu mama ajitayarishe.

Alikuja ofisini kwa wakili amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, viatu vya Jumapili. Wakili alimsomea kila neno kwa Kiswahili: kwamba ni yeye aliyekopa kwa laini yangu, mimi nikiwa sijui. Akampa Biblia. Mama, aliyenichapa nilipokuwa na miaka saba kwa sababu nilimdanganya kuhusu yai moja, aliinua Biblia akaapa bila sauti kutetemeka. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Ningeweza kusema. Nilikiangalia kidau cha wino.

Akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi. Likabaki duara jeusi, tupu, bila mstari hata mmoja. Wakili akamwambia arudie. Likatoka lilelile. Nilijua kwa nini, kwani tangu mkono upone alirudi kuchuma, na hata asubuhi hiyo alikuwa amechuma kabla ya kuja. Wakili aliitazama alama ile, akaangalia kitambulisho cha mama, akapiga mhuri.

Mama akajipangusa wino kwa ncha ya kitambaa chake. Tulipofika ngazini akanishika mkono.

"Sasa hawatakuja kumtafuta?"

Jina langu lilifutwa kwenye orodha, kazi nikaipata, na naifanya hadi leo. Lakini pale ngazini nilikuwa bado nangoja aniulize lolote kunihusu. Alikuwa amenikazia macho, anangoja jibu.

"Hawatakuja, mama," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akaniacha mkono.